Mtoto wa Mbwa na Meno Yake

Huenda wengine wenu watacheka wakiona kichwa cha habari hii, wakasema, Je, walimu hawa wamekwisha mambo ya kuandika, hata watuletee habari za mbwa? Twawaomba msome kwanza. Ndani ya habari hii limo kosa letu, na umo mkono wa mtoto wa watu, nasi hatukuona njia ya kuieleza ila kwa kuanza na mbwa mwenyewe.

Sisi ni mume na mke, sote wawili walimu, na nyumba yetu iko kando ya njia iendayo Kaole, kusini ya mji wa Bagamoyo, mahali ambapo minazi hukoma na mikoko huanza. Tuna shamba dogo la mihogo na mahindi, na mikorosho michache. Mwenye shamba pande hizi hana haja ya kuelezwa ngedere ni nani. Huja alfajiri watu wakiwa bado wamelala, huvunja bua zima kwa ajili ya hindi moja, hulionja, hulitupa, hushika jingine. Usiku huja nguruwe mwitu, nao hufukua mihogo kama watu waliolipwa kwa kazi hiyo. Kwa sababu hiyo watu wengi wa huku, hata wasiopenda mbwa, huweka mbwa wa kulinda shamba.

Walakini kufuga mbwa pwani si kama kumfuga bara. Jirani zetu wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Nguo au chombo kilichopata mate yake huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo saba huoshwa kwa udongo. Mbwa wa kulinda shamba au mifugo, na mbwa wa kuwinda, hawakukatazwa kumweka. Lakini mate yake ni mate. Basi mtoto wa mbwa arukiaye watu na kutafuna pindo za nguo zao, ambaye huko bara angechekewa tu, huku kwetu aweza kumrudisha mtu nyumbani kubadili kanzu naye alikuwa amekwisha toka kwenda msikitini siku ya Ijumaa. Mambo kama hayo yakizidi huharibu ujirani, na kijijini mtu aliyeharibu ujirani amebaki na nini?

Mbwa wetu wa kwanza tulimpata mwaka wa 2014, tukamwita Simba, jina ambalo nadhani nusu ya mbwa wa nchi hii wamepewa. Alikuwa mdogo, aweza kulala ndani ya kiatu, naye aliuma kila kitu: vidole, visigino, pindo la kanga, mguu wa kiti. Tukaomba shauri kwa watu, na mashauri hayakukosekana. Mmoja alituambia tumbane mdomo mpaka alie. Wa pili alisema tupake pilipili mikononi mwetu. Wa tatu, mzee aliyefuga mbwa wengi wa kuwindia, alisema mbwa sharti ajue bwana wake ni nani, apigwe kila anapouma, na akinguruma apigwe zaidi. Tukafanya yote matatu. Sisi ni walimu, na fimbo twaijua. Haikuwa mbali na mkono. Tena kazi yetu ikaonekana kuwa njema, maana baada ya miezi miwili Simba aliacha kuuma, akaacha na kunguruma pia. Tukajisifu mbele ya wageni. Mchana tukamfunga mnyororo chini ya mkorosho, usiku tukamfungua. Hatukufikiri sana juu ya mnyororo ule, ingawa mji wetu ni Bagamoyo, na tulikuwa tukiwafundisha watoto darasani habari za misafara ya watumwa, na habari za Wapadre wa Roho Mtakatifu waliofika hapa mwaka wa 1868 wakawakomboa watu.

Jambo tusilolijua wakati ule ni hili: kunguruma ni hodi ya mbwa. Mbwa akiona hatari hakurupuki tu na kuuma. Kwanza hukaza mwili wake, hugeuza uso kando, hulamba midomo naye hana chakula, weupe wa jicho huonekana, mkia huingia kati ya miguu. Kama hakuna amwelewaye hunguruma, na maana yake ni, Sitaki, ondoka. Kuuma huja mwisho. Sisi tulimpiga kwa ajili ya kunguruma, naye akajifunza kutopiga hodi. Lakini hofu yake hatukuiondoa. Tuliiongeza, kwa kuwa kila mkono uliomjia karibu na uso ulikuwa mkono wa kubana au wa kupiga.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 2016 mtoto wa jirani yetu, mwenye umri wa miaka sita, aliingia uani kwetu kuufuata mpira wake wa matambara. Mpira ulikuwa umesimama karibu na kifuu ambamo Simba alikuwa akila. Mtoto akainama, akanyosha mkono. Simba hakunguruma, wala hakubweka. Sisi tulikuwa kibarazani tukisahihisha daftari, nasi hatukusikia neno mpaka tuliposikia kilio.

Mkono ule wa kulia ulichanika vibaya. Mmoja wetu aliukimbiza chini ya bomba, akauosha kwa sabuni na maji yapitayo muda wa robo saa, mtoto akipiga kelele, maana hilo tulikuwa tumefundishwa, na twamshukuru Mungu kwamba tulilikumbuka. Tukaenda mahali pa kwanza pa matibabu, chanjo haikuwako. Tukapata gari, tukaenda naye Dar es Salaam pamoja na mama yake, kilomita 70 hivi, usiku, tukipeana zamu ya kumpakata. Baba yake alikuwa baharini. Alirudi alfajiri na ngalawa yake, akakuta nyumba imefungwa na damu juu ya kata ya maji.

Yafaa hapa tuseme kidogo juu ya kichaa cha mbwa, kwa maana wako wasomaji ambao bado hutibu jeraha la mbwa kwa majani, au kwa nywele za mbwa yule yule zilizochomwa. Ugonjwa huu hukaa katika mate ya mbwa mgonjwa, huingia kwa jeraha, husafiri polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Lakini kabla ya dalili upo muda, wa majuma au hata miezi, na katika muda huo chanjo humwokoa. Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alilionyesha hilo tarehe 6 Julai 1885, alipoanza kumchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mahali pengi mwilini. Mtoto yule akaishi. Tangu siku hiyo imepita miaka zaidi ya 130, na bado watu wanakufa. Wataalamu waliohesabu majeraha ya mbwa katika nchi yetu walikadiria mwaka wa 2002 kwamba watu kama 1,500 hufa kwa ugonjwa huu Tanzania kila mwaka. Na kwa dunia nzima makadirio ya mwaka wa 2015 yalikuwa watu 59,000. Katika kila kumi wanaokufa, wanne hivi ni watoto wasiotimiza miaka 15. Watoto huumwa zaidi kwa kuwa wao ndio wanaocheza na mbwa, na nyuso zao zi karibu na meno yake, tena mara nyingi huficha jeraha wasije wakapigwa. Hilo la mwisho twalisema kwa wazazi na walimu.

Mtoto wa jirani alipata sindano zake zote kwa siku zake. Simba naye hakuuawa siku ile, maana daktari wa mifugo alisema afungwe akaangaliwe siku kumi: mbwa aliyeuma, akiwa hai na mzima baada ya siku kumi, ni ushahidi kwamba mate yake hayakuwa na ugonjwa alipouma. Hatujapata kuziona siku kumi ndefu kama zile. Kila asubuhi kabla ya kwenda pwani, baba wa mtoto alikuja akasimama nyuma ya uzio, akamtazama mbwa. Hakusema nasi. Akimwona amesimama na anakunywa maji, aliondoka akaenda zake baharini. Sisi tulikuwa dirishani tukimtazama yeye.

Siku ya kumi na moja aliingia uani, akauliza, "Mzima?"

"Mzima, Nahodha."

Akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mtoto hawezi kulala akimsikia akibweka."

Tukaelewa. Tulimpeleka Simba kwa daktari wa mifugo, akamaliza maisha yake kwa sindano, nasi tukamzika chini ya mkorosho wake. Mnyororo tukautupa. Mtoto alipona, lakini kidole cha mwisho cha mkono wake wa kulia hakikunjiki hata leo, na baba yake alipoanza kumfundisha kushona nyavu ilibidi ashike sindano ya nyavu kwa namna yake mwenyewe.

Miaka saba hatukuweka mbwa. Ngedere wakajua. Mwaka wa 2022 tulivuna mahindi hata hayakujaza gunia moja, na mihogo tuliing'oa michanga ili tuwawahi nguruwe. Mwanzo wa mwaka wa 2023 mwalimu mwenzetu wa upande wa Kiwangwa, kule kwenye mashamba ya mananasi, alituambia kwamba mbwa wake amezaa watoto sita. Tukazungumza usiku mzima. Tukakata shauri kwamba hatutamchukua mbwa yeyote kabla ya kwenda kwa jirani.

Tulimkuta Nahodha barazani akishona wavu. Alitukaribisha, akatuletea mkeka, tukakaa. Tukamweleza habari ya ngedere, ambayo aliijua vema kuliko sisi, maana walikula na mipapai yake. Tukasema, "Nahodha, tunataka kuweka mbwa tena, lakini kama wewe hutaki, hatutaweka, wala hatutakuwa na neno juu yako."

Aliendelea kushona. Kisha akasema, "Mbwa yule hakuwa mbaya. Nilikuwa nikiwaona mlivyokuwa mkimpiga alipokuwa mdogo. Uzio wetu ni wa makuti, mtu huona."

"Mbona hukutuambia?"

"Ninyi mlikuwa walimu."

Hatukuwa na la kujibu. Yeye mwenyewe akatuondolea aibu, akatusimulia kisa ambacho Waislamu hukijua wote, cha mtu aliyemkuta mbwa akilamba mchanga kwa kiu, akashuka kisimani akamtekea maji kwa kiatu chake, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Akasema pia kwamba katika Kurani wametajwa vijana waliolala pangoni miaka mingi, na mbwa wao pamoja nao, amenyosha miguu yake mlangoni. Nasi tukamwambia kwamba katika Kitabu cha Tobiti kijana Tobia alisafiri na malaika, na mbwa akawafuata njiani. Akacheka, akasema, "Basi huyo wenu naye alifundishwa, kama aliweza kumfuata malaika asimume." Akatupa masharti mawili: mbwa asifike kizingiti chake, na mtoto wake asilazimishwe kumzoea.

Kumbi hatukumchukua mara moja. Tulimwita Kumbi kwa sababu ya rangi yake, ambayo ni ya kumbi la nazi lililokaa juani. Mwenzetu wa Kiwangwa alisema mtoto wa mbwa asiachishwe mama kabla ya majuma manane, na kama tunataka kujua sababu tuje tutazame. Tukaenda Jumamosi tatu, tukakaa chini ya mwembe, tukatazama. Watoto sita walikuwa wakiumana mchana kutwa. Ndiyo michezo yao. Lakini mmoja alipomwuma mwenzake kwa nguvu kupita kiasi, aliyeumwa alitoa sauti kali, akaacha kucheza, akaenda kando. Yule mwumaji akabaki peke yake, hana wa kucheza naye. Baada ya kitambo akamrudia mwenzake, akauma tena, lakini sasa kidogo. Mama yao naye, walipomwuma chuchu kwa meno yao, alisimama akaondoka, na maziwa yakaondoka naye. Hakuwapiga. Sisi tuliokuwa na shahada za ualimu mezani tulikuwa hatujapata kuona somo lililoendeshwa vizuri hivyo kwa maneno machache.

Tukamleta nyumbani akiwa wa majuma manane na siku mbili, katika pakacha, juu ya mapaja. Kabla ya kufika mjini alikuwa amekwisha uma vidole vinne.

Mwanzo tulitaka kufanya kama ndugu zake walivyofanya: akituuma, tupige ukelele. Jambo hili wengi hulisifu, na labda kwa mbwa wengine lafaa. Kwa Kumbi halikufaa. Aliposikia ukelele alifurahi, akadhani mchezo umekolea, akaja kwa nguvu zaidi. Basi tukaacha ukelele, tukafuata mama yake. Meno yakigusa ngozi, mchezo umekwisha: mikono huondolewa polepole, bila kuivuta kwa ghafula, maana kitu kinachokimbia mbwa hukifukuza, aliyeumwa husimama, hugeuka, hutazama upande mwingine, kimya, kama mtu aliyesahau kwamba yupo mbwa duniani. Akizidi, hutoka chumbani hesabu ya thelathini, kisha hurudi bila kinyongo. Kurudi ni lazima. Mwenye kuondoka nusu siku hafundishi neno, maana mtoto wa mbwa hukumbuka jambo la sasa hivi tu.

Pamoja na hayo ilibidi apewe kitu cha kutafuna, maana haja ya kutafuna si ukaidi. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, nayo ni makali kama miiba ya samaki. Tangu mwezi wa nne hivi yaanza kung'oka, na katika mwezi wa sita au wa saba meno makubwa 42 yamekwisha shika mahali pake. Siku hizo fizi humwasha, naye hutafuta cha kuzipoza. Tulimfungia fundo la kanga kuukuu, tukalilowesha maji ya mtungi, tukampa. Alilipenda kuliko chakula. Makumbi ya nazi tuliyajaribu tukayaacha, kwa sababu alimeza nyuzi. Mifupa iliyopikwa pia hatumpi, maana hupasuka ikachoma tumbo.

Jambo jingine tulilifahamu kwa kuchelewa. Kila siku kabla ya magharibi Kumbi alikuwa kama aliyeingiwa na pepo: alizunguka uani, aliuma visigino, hakusikia la mtu. Tukafikiri ndiyo tabia yake inatokea. Tukaandika saa katika daftari, kama walimu wafanyavyo, tukaona kwamba watoto wetu wakirudi shule saa nane walicheza naye bila kupumzika mpaka jioni, na mtoto wa mbwa wa umri ule huhitaji kulala saa 18 au zaidi katika siku nzima. Ulikuwa ni usingizi, basi. Tukakataza kumwamsha mchana. Nahodha, aliyekuwa akiyaona hayo yote juu ya uzio, siku moja alirusha dema bovu upande wetu, akasema, "Mfanyieni chumba." Tukaligeuza, tukalitandika gunia, na mtego ule uliovua samaki wa Kaole miaka mingi ukawa kitanda cha mbwa. Akiingiwa na wazimu wa jioni tulimweka mle na fundo lake la kanga, na kabla ya kengele ya sala ya jioni alikuwa amelala.

Tusidhaniwe kwamba tuliyafanya haya bila kujikwaa. Mwezi wa tatu tangu aje, Kumbi alimshika kifundo cha mguu binti yetu mdogo, damu ikatoka, na mmoja wetu, aliyekuwa amechoka kwa kazi na kwa joto la Machi, akavua kiatu akampiga nacho. Mara moja tu. Kumbi aliingia uvunguni mwa kitanda, asitoke mpaka usiku. Siku tatu alikwepa kila mkono, hata mkono wenye chakula, akainama vile vile Simba alivyokuwa akiinama. Yule aliyepiga alikaa sakafuni jioni tatu mfululizo na dagaa mkononi, mkono umelala chini, hasemi neno, mpaka Kumbi alipokuja kuwachukua. Watoto wakauliza, "Mbona unamwomba mbwa radhi?" Wakajibiwa kwamba ndivyo ilivyo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, hawakusema umvunje.

Hapo tena tukajua kwamba nyumba nzima sharti iwe na sheria moja. Kama baba haumwi na mama haumwi, lakini watoto humwachia Kumbi atafune mikono yao kwa kicheko, basi hakuna sheria. Tulifanya mkutano chini ya mkorosho. Kila mtu akajifunza kusimama kama mti akirukiwa, mikono imekunjwa kifuani, kutokimbia, kutopiga kelele. Na hili ndilo tulilowafundisha na watoto wa darasani kwetu baadaye, kwa kuwa lafaa kwa mbwa yeyote ajaye njiani.

Alipotimiza miezi mitatu tulimpeleka kwa bwana mifugo akachanjwa, na tangu hapo kila mwaka. Twawasihi wasomaji wasiache jambo hili. Mbwa aliyefundwa vizuri asipochanjwa bado ni hatari, akiumwa na mbwa mgonjwa wa njiani. Wataalamu wasema kwamba mahali ambapo mbwa 70 katika kila 100 wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka wa 1895, ndiyo siku ya kichaa cha mbwa duniani, na mara nyingi chanjo hutolewa karibu na siku hiyo. Ulizeni kwa bwana mifugo wenu.

Ikabaki habari ya nguo. Mikono alikuwa ameacha, lakini kanzu inayopepea ilimshinda. Kila alipoiona ikipita nyuma ya uzio, masikio yalisimama. Mmoja wetu akanunua kanzu kuukuu mnadani, akaivaa kila jioni, akatembea nayo uani huku na huku, mwingine amekaa na Kumbi na dagaa. Kumbi akiitazama kanzu kisha akatutazama sisi, apata dagaa. Akikaa chini nayo inapita, apata wawili. Akiirukia, kanzu husimama, na dagaa hufungwa katika karatasi. Watu walikuja kutazama. Ilisemwa mpaka sokoni kwamba mwalimu wa Misheni amesilimu kwa siri, naye hufanya mazoezi jioni. Katekista wetu alituuliza kwa upole sana. Juma la tano kanzu ilipita mbele ya pua ya Kumbi, akapiga miayo.

Hayo yalikuwa mwaka wa 2023. Nahodha sasa hupita uani kwetu akienda pwani, maana ndiyo njia fupi, na Kumbi hukaa chini akampisha. Ngedere wamehamia mashamba mengine, na wenye mashamba hayo wanatulaumu.

Mtoto wake hakupita. Alikuwa na miaka 13, kijana mrefu, mwenye adabu. Alitoa shikamoo yake akiwa ng'ambo ya uzio, akazunguka njia ya mbali. Hatukumwita. Tulikuwa tumeahidi. Mwaka mmoja na zaidi ulipita hivyo, mpaka jioni moja ya mwezi wa Novemba mwaka wa 2024 alipokuja na fungu la dagaa alilotumwa na baba yake, akasimama penye mlango wa uzio badala ya kulitundika kwenye mti kama desturi yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu."

Alimtazama Kumbi, aliyekuwa amelala penye dema. "Haumi huyu?"

Tulitaka kusema haumi. Tukamwambia kweli: "Hajauma mtu tangu alipokuwa mdogo. Lakini ni mbwa, ana meno. Si lazima umguse."

Akaingia. Alitoa dagaa mmoja katika fungu, akachuchumaa mbali, akanyosha mkono wa kulia, ule ule, kidole cha mwisho kimesimama peke yake. Mkono ulitetemeka, nasi tukashika pumzi. Kumbi aliinuka, akaja pole pole, akanusa kidole kile kisichokunjika, kisha akamchukua dagaa kwa midomo tu, kama mtu anayepokea Ekaristi, wala meno hayakugusa. Akalamba kiganja mara moja, akarudi kulala.

Kijana alikaa vile vile kitambo, mkono u hewani, umelowa. Kisha akatutazama, akasema, "Baba atauliza."

Tukaleta ndoo na kata. Yeye akachota udongo safi chini ya mkorosho, akausugua mkononi kwa maji ya kwanza, kama alivyofundishwa kwao, nasi tukammiminia, yeye akihesabu kwa sauti, mpaka saba.